Kitabu Chetu Kiko kwa Nani?

Jumapili moja baada ya ibada, kamati ya mradi wetu wa maji ilikutana hapa Kanyakine, nyuma ya duka la mbolea, kuzungumzia wizi. Hakukuwa na bomba lililong'olewa wala mita iliyobebwa. Kilichoibwa ni grupu ya WhatsApp. Mweka hazina wetu, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa adimini, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kama fundi wa kampuni ya simu. Akaombwa asome tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake, naye akazisoma. Kufika jioni, mwizi alikuwa ameketi ndani ya akaunti yake akiomba watu shilingi elfu tatu tatu "za dharura". Alipoanza kuulizwa maswali, akawatoa wanachama mmoja mmoja hadi grupu ikabaki mahame.

Mimi ndiye katibu. Ilinichukua wiki mbili kujua upya nani alikuwa amelipa mchango wa mabomba na nani hajalipa, kwa sababu ushahidi wetu wote ulikuwa jumbe za M-Pesa zilizopigwa picha na kurushwa kwenye grupu. Wengine walikuwa nazo bado. Wengine simu zilijaa wakafuta. Wawili waliapa kwamba walilipa, na mpaka leo sijui.

Mle kikaoni alikuwapo mzee mmoja asiyekuwa na WhatsApp kabisa. Yeye ni mtu wa kabambe, simu ndogo ya vitufe, betri wiki nzima. Akaniuliza, "Mwalimu, hii WhatsApp ni ya nani?"

"Ni ya kampuni ya Marekani, Mzee. Inaitwa Meta."

"Na kitabu chetu kiko kwake?"

Nilianza kumweleza habari za seva, nikaona macho yake yamehamia kwa wauza ndizi ng'ambo ya barabara. Nikanyamaza. Tangu siku ile nimelitafutia swali lake jibu, na haya ninayoandika ni kwa katibu mwenzangu, mweka hazina, mwenyekiti wa chama, kiongozi wa kwaya au wa kamati ya mazishi, yeyote ambaye kikundi chake kinaishi ndani ya simu na ameanza kujiuliza kama inafaa kuhama.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mtandao uliofungwa ni ule ambao ili uzungumze na mtu, lazima nyote wawili muwe wateja wa mwenye nyumba mmoja. WhatsApp ni hivyo, Telegram ni hivyo, na hata Signal, ambayo naiheshimu sana kwa usiri wake, ni hivyo. Mtandao ulio wazi ni ule ambao wenye nyumba ni wengi, na wamekubaliana namna ya kupokezana ujumbe. Baruapepe ni mfano. Mwenye anwani ya Gmail humwandikia mwenye anwani ya chuo au ya serikali, na hakuna anayemuuliza amejisajili wapi. SMS nayo inavuka kutoka Safaricom hadi Airtel bila kupiga hodi. Barua za posta ndizo zilizotangulia. Mwaka 1874 mataifa yalikutana Bern, Uswisi, yakaunda Umoja wa Posta Duniani, na kuanzia hapo stempu iliyonunuliwa nchi moja ikaheshimiwa na tarishi wa nchi nyingine.

Ukiona jambo hili ni geni, kumbuka tulivyoishi na simu hapa Kenya miaka ya nyuma. Kila mtu mwenye shughuli alikuwa na laini mbili, tena wengine simu mbili, kwa kuwa kupiga kutoka mtandao mmoja hadi mwingine kulikuwa ghali. Bei ile haikushuka kwa huruma ya kampuni. Mwaka 2010 mdhibiti alipunguza ada ambayo mitandao inalipana kwa kupokeleana simu, kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21, na vita vya bei vikapamba moto. Aprili 2011 tukaruhusiwa kuhama mtandao bila kuacha namba. Waliohama hawakuwa wengi, lakini wote tulipata haki ya kuondoka na namba yetu mkononi.

Kisha pesa. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kwa zaidi ya miaka kumi, ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alipokea ujumbe wenye msimbo, akachukua kitambulisho na kumtafuta wakala wa M-Pesa aitoe taslimu. Pesa haikuingia kwenye kipochi chake cha simu hata kidogo. Ni Aprili 2018 ndipo kipochi cha Safaricom na cha Airtel vilianza kutumiana moja kwa moja, na ilibidi tungoje hadi 2022 ndipo mtu wa Airtel Money akaweza kulipa kwenye tili ya Lipa na M-Pesa. Watanzania walitutangulia, kwani kampuni zao zilikuwa zimeanza kuunganisha vipochi tangu 2014.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Moja, ufunguzi ulichukua miaka kumi na moja, na uliletwa na sheria, mazungumzo na shinikizo. Watu kususia peke yake kusingeuleta. Mbili, wakati wote huo hakuna aliyetupa laini yake ya Safaricom ili kuwa safi. Tulikuwa na laini mbili, tukaishi. Ushauri wangu wote unatoka hapo. Usihame kwa hasira. Fungua mlango wa pili, kisha wa kwanza uuache uwe mlango tu.

Kwenye jumbe, sheria ya namna hiyo hatuna. Walio nayo ni Umoja wa Ulaya. Sheria yao ya masoko ya kidijitali iliitia WhatsApp kwenye orodha ya walinda-lango mnamo Septemba 2023, na kuanzia Machi 2024 inatakiwa ifungue mlango kwa programu ndogo zinazoomba kuunganishwa. Faida hiyo ni ya walio Ulaya. Sisi wa Imenti Kusini tunasoma tu habari zake, kama mtu anayesikia mvua ikinyesha upande wa pili wa mlima.

Lakini ningekosa uaminifu nisiposema kwamba uwazi nao huweza kufungwa. Google Talk ilipokuja mwaka 2005 ilitumia lugha ya wazi iitwayo XMPP, lugha iliyoanzia kwa kijana Mmarekani Jeremie Miller mwaka 1999, na kwa miaka kadhaa mtu wa Google aliweza kuzungumza na mtu wa seva nyingine yoyote ya lugha hiyo. Mwaka 2013 Google ikaleta Hangouts na mlango ukaanza kufungwa. Facebook nayo iliruhusu programu za nje kuingia kwenye gumzo lake kwa XMPP tangu 2010, halafu ikaifungia nje 2015. Hata WhatsApp yenyewe ilijengwa mwanzoni juu ya mbao za XMPP, ila mwenye nyumba akaziba madirisha. Kwa hiyo unapoambiwa programu fulani ni ya wazi, usiishie kuuliza kama leo iko wazi. Uliza: kampuni hii ikifunga duka kesho, je, kuna mwingine anayeweza kuwasha seva na sisi tukaendelea? Kwa SMS na baruapepe jibu ni ndiyo. Kwa Telegram jibu ni la.

Na upande wa pili wa sarafu pia nauona. Wenye mitandao iliyofungwa wana hoja yao, nayo si ya kipuuzi. Mwenye nyumba mmoja akiamua kubadilisha kufuli, nyumba nzima inapata kufuli mpya kwa siku moja. WhatsApp ilifanya hivyo Aprili 2016, jumbe za watu zaidi ya bilioni moja zikafungwa kwa usimbaji ambao hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Baruapepe, yenye umri wa nusu karne na wenye nyumba wasiohesabika, haijaweza kufanya hivyo hadi leo. SMS ndiyo tupu kabisa, maana kampuni ya simu inaweza kuisoma. Basi ondoa wazo kwamba wazi maana yake ni salama. Wazi maana yake ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kukufungia nje.

Kufungiwa nje kwenyewe si hadithi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa karibu saa sita dunia nzima kwa kosa la mafundi wa kampuni inayovimiliki vyote vitatu. Mwanzoni mwa 2025 simu za Android za toleo la 4.4 kurudi chini ziliachwa na WhatsApp, na hapa kwetu simu za namna hiyo hazikuwa kwenye makumbusho, zilikuwa mifukoni mwa akina mama wa chama. Hakuna aliyeulizwa. Novemba 2024 Telegram ilibanwa nchini wakati wa mitihani ya KCSE kwa sababu ya karatasi za kuuzwa, na waliokuwa wakiitumia kwa shughuli zao halali wakakaa gizani pamoja na matapeli. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo intaneti iliyumba kote nchini, na jioni ile kilichofanya kazi kwetu kilikuwa SMS na simu ya kawaida.

Sasa tuingie shambani.

Kazi ya kwanza haihusu programu yoyote, nayo ndiyo nusu ya safari. Kitoe kitabu ndani ya simu. Chukua daftari gumu, lile la jalada la bluu wanalotumia makarani wa chai, uandike majina ya wanachama wote, namba za simu, namba ya mtu wa karibu, na anwani ya baruapepe kwa aliyenayo. Ukurasa mwingine uwe wa michango: tarehe, kiasi, na msimbo wa M-Pesa wa muamala. Ule msimbo ndio risiti, picha ya skrini ni mapambo. Kisha mtu mwenye kompyuta anakili daftari lile kwenye lahajedwali na kulihifadhi mahali pawili. Usiandike namba za vitambulisho kama huna haja nazo, na waambie watu kwamba majina yao unayaweka na kwa nini. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na kikundi kidogo hakikusamehewa adabu.

Kwenye WhatsApp yenyewe kuna sehemu ya kuhamisha mazungumzo ya grupu kuwa faili. Fanya hivyo leo, wewe na mwingine mmoja. Halafu ongeza maadimini wawili, na kila mmoja awashe ule uthibitisho wa hatua mbili wenye PIN yake mwenyewe. Kama mweka hazina wetu angekuwa na PIN ile, mwizi angepata tarakimu sita na bado akagonga mwamba. Nasema hivi hata kwa kikundi ambacho hakitahama kamwe. Ukiishia hapa na kufunga gazeti, sitakulaumu.

Kazi ya pili ni anwani ya kikundi. Si ya katibu. Nimeona kamati ambazo baruapepe yao ni ya mtu aliyehamia Nairobi miaka mitano iliyopita, na kila barua ya benki inamfuata huko. Fungua akaunti kwa jina la kikundi, nywila iandikwe kwenye karatasi, karatasi iingie bahasha, bahasha ifungwe na kutiwa sahihi na watu watatu, ikae kwenye sanduku la mweka hazina pamoja na mihuri. Mkiwa na uwezo zaidi, nunueni jina lenu la intaneti linaloishia na .or.ke, ambalo ni la mashirika. Faida ya jina lenu wenyewe ni ile ile tuliyoipata kwenye namba za simu mwaka 2011. Ukichoka na anayekuhifadhia baruapepe unahamia kwa mwingine, na anwani haibadiliki. Lakini jina hulipiwa kila mwaka, tena liandikishwe kwa kikundi, si kwa kijana aliyewatengenezea. Likisahaulika kulipiwa, mtu mwingine analichukua, na hapo mtajuta kuliko mngebaki bila.

Kazi ya tatu ni SMS, na hapa nina jambo ambalo sikulijua mpaka liliponikata mfukoni. SMS moja inabeba herufi 160. Lakini ukiweka herufi moja tu isiyo kwenye orodha ya zamani ya mafundi wa simu, ujumbe wote unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Herufi zetu za Kimeru, ĩ na ũ, hazimo kwenye orodha ile. Mimi mwalimu, najivunia kuandika lugha yangu kwa usahihi, nikatuma tangazo la mkutano kwa Kimeru safi kwa watu themanini na kitu, na kila mmoja nikalipishwa SMS tatu badala ya moja. Andika tangazo kwa Kiswahili, au andika Kimeru bila vile viwimbi vya juu, Mungu wa sarufi atatusamehe. Weka mambo matatu tu: siku, saa, mahali. Maelezo yakae kwenye baruapepe au kwenye daftari. Na kamwe usitume PIN, nywila wala habari za ugonjwa wa mtu kwa SMS.

Yule mzee wa kabambe, kwa njia hii, akawa mwanachama kamili kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu tulikuwa tukimfikia kupitia mjukuu wake.

Kazi ya nne ndiyo ambayo wengi wanadhani ni ya kwanza: kuchagua programu ya wazi ya kuzungumzia. Kuna njia tatu ninazozifahamu kwa mkono.

Ipo Matrix, iliyoanza 2014, na programu yake ijulikanayo zaidi ni Element. Ni mtandao wa watu wakubwa. Serikali ya Ufaransa iliujenga mfumo wake wa jumbe za watumishi, uitwao Tchap, juu ya Matrix mwaka 2019, na jeshi la Ujerumani lina wake. Ni imara, lakini kwenye simu ya bei ya chini unahema, na kuna ufunguo mrefu wa kurejesha ambao mtu akiupoteza anaona jumbe zake za zamani zimebaki fumbo. Kwa shirika lenye ofisi na fundi, sawa. Kwa mradi wa maji, hapana.

Ipo XMPP yenyewe, bado hai, kwa programu kama Conversations, au Snikket kwa familia na vikundi vidogo. Ni nyepesi na inashika hata kwenye intaneti ya kujikongoja. Tatizo ni kwamba mtu fulani lazima aichunge seva. Kama mna kijana wenu huko Nairobi au ughaibuni anayependa kazi hizo na ambaye hatakasirika na kuondoka, mmepata. Ila akiondoka na nywila, mmerudi kwa mwenye nyumba mmoja, tena huyu hana hata ofisi.

Tulichochagua sisi ni Delta Chat. Kwa macho inafanana na WhatsApp, chini yake ni baruapepe. Haiombi namba ya simu. Unafungua, unaandika jina, unapewa anwani kwenye seva mojawapo kati ya nyingi, na kumwongeza mtu ni kuelekeza kamera kwenye mraba wake wa madoa. Jumbe zinasimbwa kutoka simu hadi simu. Nilipenda zaidi kwamba mwizi hawezi kumpigia mtu na kumwomba tarakimu sita, kwa sababu hazipo.

Nina malalamiko nayo, sitayaficha. Seva hizo hazihifadhi ujumbe milele. Mwanachama akizima simu wiki kadhaa, jumbe za zamani zinaweza kufutwa kabla hajazipokea. Simu ikipotea bila nakala rudufu au kifaa cha pili kilichounganishwa, anwani imekwenda nayo, na hakuna ofisi ya kwenda kulia. Na lipo la bando. Wengi hapa wananunua lile bando la WhatsApp pekee, la bei nafuu, nalo halibebi kitu kingine. Ukimwambia mama anayeuza mboga ahamie programu nyingine, unamwambia anunue bando la kawaida. Huo ndio ukuta halisi, na watu wa mijini wanaotuhubiria uwazi husahau kuutaja. Ndiyo sababu sijawaambia wanachama wote 86 wahame. Katika kamati ya watu kumi na wawili, wenye simu zinazoweza kuibeba wamehamia, wengine wote wanapata SMS, na WhatsApp imebaki kwa picha za harusi, pole na vichekesho, kazi ambayo inaifanya vizuri sana.

Neno moja kuhusu zile WhatsApp za rangi, GB na ndugu zake, ambazo vijana huziita WhatsApp iliyofunguliwa. Hazijafunguliwa. Ni nyumba ile ile ya Meta, ila umeingia kwa ufunguo uliochongwa na mtu usiyemjua, naye anaweza kuwa na nakala. Akaunti hufungiwa, na jumbe zako zinapitia mikono ambayo hujawahi kuiona.

Kwa wale wenye wanachama nje ya nchi, na ni kikundi gani cha Meru kisicho na binti Doha au kijana Marekani, fikirieni mapema. Katika Falme za Kiarabu simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa ingawa maandishi yanapita, na dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani huko wanajua hilo kuliko sisi. Usimshauri mtu aliye chini ya mwajiri wa ugenini asakinishe kitu kitakachomtia matatani na sheria za huko. Baruapepe inatosha. SMS za kimataifa zina gharama, waachie tangazo la msiba tu.

Namna ya kuhama nayo ina ufundi. Kosa tulilofanya mwanzoni lilikuwa kutangaza kuhama ndani ya grupu yenyewe, kwa kiungo. Kabla ya saa mbili usiku mtu mwingine alikuwa ametuma kiungo chake, chenye picha ya nembo yetu, kikisema ndicho cha kweli. Msimu wa kuhama ni msimu wa matapeli, kama vile siku za bonasi ya chai zilivyo na wachezesha kamari barabarani. Tangazo la kuhama litolewe uso kwa uso, mkutanoni, na liandikwe kwenye kumbukumbu. Asiyehudhuria apigiwe simu na mtu anayeitambua sauti yake. Kiungo kisirushwe popote. Watu waunganishwe simu kwa simu, mkiwa mmeketi, mkinywa chai, na kijana mmoja mvumilivu akizunguka. Mvumilivu, nasisitiza. Anayenyakua simu ya mama na kusema "leta nikufanyie" amemwacha palepale alipomkuta.

Mpe kila mtu muda, na muda huo uufunge kwenye kalenda ambayo watu wanaiishi. Sisi tulianza mvua za Machi zilipoanza kunyesha na kusema hadi bonasi ya chai itoke, kila tangazo litapita njia mbili. Baada ya hapo, jambo rasmi ni lile lililo kwenye daftari na SMS. Lililoandikwa WhatsApp tu ni maongezi. Kanuni hiyo moja ilizua ubishi kuliko programu zote. Mwenyekiti aliona inampunguzia nguvu, kwa kuwa alizoea kuamua mambo usiku kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Tulimsikiliza, kisha tukaipitisha kwa kura.

Kama kikundi chenu ni cha ndugu saba wanaotakiana asubuhi njema, msijisumbue. Kama ni cha watu wanaochangia pesa, wanaomiliki bomba, shamba, gari au kaburi la pamoja, msingoje mwizi.

Jambo la mwisho ni zoezi, na tumelifanya mara moja. Tulichagua Jumamosi moja ya Agosti, tukakubaliana kwamba toka saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni hakuna mwanakamati atakayefungua WhatsApp, halafu katikati ya siku nikaitisha kikao cha ghafla kwa njia mpya. Kati ya watu kumi na wawili walifika tisa. Mmoja alikuwa Nkubu hospitalini na mgonjwa, akajibu kwa Delta Chat. Mmoja kisanduku chake cha SMS kilikuwa kimejaa matangazo ya mikopo hata ujumbe wetu ukakosa pa kukaa. Wa tatu ni mwenyekiti, aliyesema hakuona chochote. Mzee wa kabambe alikuwa wa kwanza kufika, ameketi juu ya jiwe nyuma ya duka la mbolea, daftari la bluu limefunikwa kwa karatasi ya nailoni kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza.